Redio Anatafutiwa Shule

Alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimwita Mama Klachi, ingawa si mbele yake. Mbele yake walimwita mwalimu, tena kwa sauti ya mtu aliyekalishwa kwa daktari wa meno. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na koo lake halikuhitaji honi. Kutwa alikaa kiti cha abiria cha gari dogo jeupe lenye kibao cha mafunzo juu ya paa, na miguuni mwake kulikuwa na breki na klachi za ziada, maana magari ya kufundishia huwekwa pedali pande zote mbili. Mwanafunzi akijisahau, yeye alikanyaga. Mwanafunzi akipiga kelele, yeye alikanyaga na kupiga kelele zaidi.

Hata hivyo watu walimpenda. Waoga aliwavumilia kama mama mzazi, ila wajuaji hawakumpita. Aliwahi kumshusha bwana mmoja mzima kando ya barabara kwa sababu alikuwa akitumia kioo kujitazama yeye badala ya kutazama malori yaliyokuwa nyuma. "Nenda kanyoe kwanza," alimwambia, "halafu urudi tuendeshe."

Mume naye alimpata humo humo garini. Alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, kijana mrefu aliyetoka mbali kuja kufanya kazi kwenye karakana ya mjomba wake, na lugha aliyozaliwa nayo ilikuwa Kiarabu. Kiswahili chake cha siku ile ya kwanza kilitosha kununua mkate, si kuendesha gari. Mama Klachi alimfundisha vyote viwili kwa mpigo, na ndiyo maana mpaka leo Kiswahili cha bwana huyu kinanuka petroli. Akitaka mkewe apunguze hasira humwambia, "Achia polepole." Mtoto akisogelea jiko hupiga ukelele, "Breki!" Na siku aliyomposa walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu. Alitafuta maneno, akayakosa, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nataka kuegesha hapa. Moja kwa moja."

Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Mama Klachi, ambaye hakuwahi kukosa la kumwambia mtu aliyeshika usukani, alikaa kimya mpaka taa ikarudi nyekundu. Halafu akasema, "Washa indiketa kwanza." Wakaoana. Fundi alifeli mtihani wa udereva mara mbili kabla ya hapo, na wapo wanaoapa kwamba alifanya makusudi.

Walijaliwa binti. Jina lake lipo kwenye cheti, lakini nyumbani na mtaani aliitwa Redio, kwa kuwa alianza kusema mapema na hakuzimwa tena. Alikuwa anahama kituo katikati ya sentensi: anaanza na Kiarabu cha baba, anamalizia na Kiswahili cha mama, na neno la katikati analitunga mwenyewe.

Redio alipoanza kukimbia, mama yake fundi naye akaja kuishi nao. Alikuwa mjane mwenye mgongo ulionyooka, macho makali, na maoni juu ya kila kitu kuanzia mapazia hadi namna ya kukunja soksi. Watu wote nyumbani wakamwita Bibi, isipokuwa Mama Klachi, aliyemwita Mama, kama mkwe anavyopaswa. Wanawake hawa wawili waliachwa peke yao sebuleni asubuhi ya kwanza, wakatazamana. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mama Klachi akanyoosha kidole kwenye beseni, akasema kwa kukata tamaa, "Sabuni."

"Sabun!" Bibi akaruka kitini.

Basi tena. Walizunguka nyumba nzima kama watu wanaokagua mali kabla ya kununua. Kahawa. Sukari. Kitabu. Karatasi. Sahani. Kila neno walilochangia walishangilia kama bao limefungwa, na kufikia mchana walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ingawa bado hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kitu chochote zaidi ya majina ya vyombo.

Kilichowaponza ni neno moja. Ukisema tafadhali kwa Kiswahili, unaomba. Kwa Kiarabu cha Bibi, neno lile lile akiambiwa mwanamke maana yake ni karibu, endelea, jisikie uko kwako. Kwa hiyo Bibi alipofungua kabati la vyombo na kuanza kulipanga upya, Mama Klachi alisema kwa adabu, meno yamekaza, "Mama, tafadhali!" Bibi akatabasamu, akashuka rafu ya chini. "Mama, tafadhali sana!" Bibi akaguswa moyo na ukarimu wa mkwe huyu, akahamia kabati la nguo. Sufuria nyingi zilipotea kabla fundi hajagundua kinachoendelea na kuwaeleza. Mama Klachi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bibi alicheka kidogo tu. Alikuwa ameizoea ile ruhusa.

Lakini mezani, wakati wa kula, mambo hayakuwa ya kuchekesha kila siku. Kiarabu kilikuwa kinatiririka kutoka kwa Bibi kwenda kwa fundi, kutoka kwa fundi kwenda kwa Redio, kinarudi, kinapanda, kinavunja watu mbavu. Mama Klachi alidaka neno hapa na pale: maji, haraka, jirani. Akiuliza, "Anasema nini?" fundi alifuta machozi ya kicheko na kujibu, "Anasema kuna joto." Hadithi ndefu ya robo saa, yenye mikono na sauti za watu tofauti, na tafsiri yake ni kuna joto! Mama Klachi aliinamia sahani yake, akaendelea kula.

Ndipo shule ya chekechea ya jirani, ambako Redio alikuwa amefundishwa nyimbo na kuosha mikono, ikamfanyia mahafali. Mtoto akawa anahitaji shule ya kweli.

Fundi alitaka Kiarabu. Si cha kuongea tu, hicho Redio alikuwa nacho cha kugawa. Alitaka akisome na kukiandika. Shangazi zake wako ng'ambo, wanatuma ujumbe kila siku, na Redio alikuwa anautazama kama mtu anayetazama nyayo za kuku. Mama Klachi alitaka Kiingereza na hesabu.

"Kiarabu anacho nyumbani," alisema. "Tena cha bure."

Hilo neno bure lilimchoma fundi. Walikuwa garini, fundi ameshika usukani, mkewe kwenye kiti chake kile cha kazi, Bibi na Redio nyuma.

"Na Kiswahili je? Hicho si cha bure?" fundi akauliza, akaongeza mwendo.

"Kiswahili kiko mtaani, kila mahali. Angalia barabara."

"Naangalia barabara! Kiarabu kiko wapi mtaani? Nani ata..."

Gari likasimama ghafla katikati ya neno. Mama Klachi alikuwa amekanyaga breki ya upande wake.

"Umeona? Mtu hawezi kubishana na wewe!" fundi akalalamika. "Kila nikikaribia kushinda, unakanyaga!"

"Kulikuwa na baiskeli."

"Baiskeli iko kule!"

Nyuma, Bibi alimgusa Redio begani, akauliza jambo kwa Kiarabu. Redio akamweleza kwa kirefu, kisha akawageukia wazazi na kuwatafsiria muhtasari. "Nimemwambia Bibi kwamba baba anataka shule ya Kiarabu, mama anataka shule ya Kiingereza, na mimi nataka shule yenye bembea. Bibi amesema mimi ndiye mwenye akili."

Wakakubaliana kutafuta shule ya kimataifa yenye lugha zote mbili, ambayo mwalimu wa udereva na fundi wa friji wanaweza kuilipia bila kuuza friji za watu. Na Bibi akatangaza kwamba haachwi nyumbani.

Shule ya kwanza ilikuwa na lango linalojifungua lenyewe. Fundi, kwa mazoea ya kazi, alipoingia tu mapokezi aliinua kiganja mbele ya kiyoyozi na kunong'ona, "Hii baridi peke yake ni mshahara wangu." Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja nadhifu wa viatu virefu, aliyetembea mbele yao akieleza maabara, maktaba, na kitu kinachoitwa kona ya utulivu, ambako mtoto mkorofi hupelekwa kukaa kwenye mto.

"Na Kiarabu?" fundi akauliza.

"Tunacho, na tunajivunia." Akafungua mlango wa darasa. Watoto walikuwa wanaimba rangi: nyekundu, kijani, njano, kwa Kiarabu, wakimfuata mwalimu kwa sauti tamu na matamshi ya watu wenye pipi mdomoni. "Mwisho wa mwaka mtoto anaweza kujitambulisha kwa jina na kuhesabu mpaka kumi."

Bibi akamvuta Redio, akasema kitu kirefu, uso umekunjamana.

"Bibi anauliza kama mna bembea," Redio akatafsiri.

"Tunazo. Na bwawa la kuogelea pia."

"Bibi amefurahi sana," Redio akasema bila kumtazama Bibi.

Mama Klachi hakujua Kiarabu, lakini alijua kwamba katika maneno yale ya Bibi hakukuwa na bembea. Akamfinya bintiye kidogo, kimya kimya. Baadaye fundi alimweleza: Bibi alikuwa ameuliza kama yule mwalimu ni mgonjwa, maana ameitamka rangi ya njano kama mtu anayekohoa.

Ofisini, mkuu akawapa karatasi ya ada. Fundi akaitazama, akatoa simu, akaanza kubonyeza zile tarakimu.

"Unafanya nini?" mkewe akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nahifadhi namba ya shule."

"Hiyo ndiyo ada."

Fundi akahesabu tena tarakimu, midomo ikichezacheza. "Ya kumaliza shule yote?"

"Ya muhula," mkuu akasema kwa upole wa mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. Waliondoka wakishukuru sana. Redio alilia bwawa mpaka kona ya pili.

Shule iliyofuata ilikuwa na bango kubwa kuliko yenyewe. Neno KIMATAIFA lilianzia kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi na kumalizikia kwa fundi viatu. Walipanda ngazi kati ya mabati na mifuko ya saruji, wakampata mwenye shule, bwana mchangamfu mwenye tai fupi, akiwa anafukuza kuku aliyepotea njia darasani. Ada ilikuwa nafuu kweli kweli. Fundi akachangamka.

"Hapa ukimataifa wenu uko wapi hasa?" Mama Klachi akauliza.

Bwana yule akafikiri. "Tuna mtoto ambaye baba yake ni rubani."

"Na Kiarabu?"

"Kitaanza."

"Lini?"

"Tukipata wanafunzi. Nyinyi mkija, kitakuwa kimeanza." Akamtazama Bibi kwa hesabu fulani usoni. "Mama huyu anaongea vizuri? Anaweza kufundisha?"

Redio akatafsiri. Bibi, ambaye hakuwahi kuajiriwa maishani, aliomba aulizwe bwana huyu analipa kiasi gani. Iliwabidi wamteremshe ngazi kwa kumshika mkono.

Shule ya tatu waliambiwa na mteja mmoja wa fundi, mwuza dawa aliyekuwa na watoto wawili huko. Ilikuwa nyuma ya kiwanda kidogo cha uchapaji, katika jengo lililokuwa zamani la kuuzia samani, kwa hiyo madarasa yake yalikuwa na vioo vikubwa mbele kama maduka, na ukipita nje uliwaona watoto wamepangwa ndani kama vitanda vya kuuzwa. Kabla ya mapumziko walisoma kwa Kiarabu, baada ya mapumziko kwa Kiingereza, na uwanjani walitukanana kwa Kiswahili. Wazazi wengi walikuwa watu kama wao: wenye maduka madogo, madereva, wauguzi, nyumba ambazo baba anaota kwa lugha moja na mama kwa nyingine. Ada yake ilikuwa ya kumfanya mtu akune kichwa, si ya kumfanya azimie, na ililipwa kwa awamu. Bembea haikuwepo. Ila wachapaji wa jirani walikuwa wakiwarushia watoto vipande vya karatasi za rangi vilivyobaki, na Redio alipoona uwanja umejaa karatasi za waridi na samawati, bembea ikamtoka akilini.

Mwalimu wa Kiarabu alikuwa msichana mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Alimkalisha Redio mbele yake amsikilize. Wazazi na Bibi walikaa pembeni. Akamwuliza jambo, Redio akajibu, na mwalimu akashika mdomo. Akauliza tena. Redio akashika kiuno, akaugulia kidogo, akajibu. Mwalimu akalaza kichwa mezani.

"Nini?" Mama Klachi akauliza.

Mwalimu akafuta macho, akasema kwa Kiswahili, "Anaongea vizuri mno. Ila anaongea kama ajuza. Nimemwuliza hujambo, akaniambia, tunamshukuru Mungu, binti yangu, magoti tu na watu wa siku hizi."

Hapo hata Mama Klachi alicheka, kwa kuwa sauti ile ya Bibi aliijua. Lakini mtihani ukaendelea. Swali, jibu, na safari hii kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Fundi alijikunja. Bibi alipiga paja. Mwalimu alichomoa penseli kichwani na kuirudisha, hajui afanye nini na mikono yake. Redio mwenyewe alikaa katikati, anang'aa.

"Mnacheka nini?" Mama Klachi akauliza.

"Ah," fundi akasema, "ni vigumu kutafsiri."

Mama Klachi akasimama. "Nakwenda kuangalia gari," akasema, ingawa gari lilikuwa limeegeshwa vizuri, kwa sababu aliliegesha mwenyewe.

Wenzake walimkuta ameketi kwenye kiti chake, mkanda ameshafunga. Fundi aliingia akiwa na furaha tele. Shule imepatikana, akasema, ada wanaimudu, mwalimu anafaa, mtoto kapendwa.

"Sijaipenda," Mama Klachi akasema. "Vyoo vichafu."

"Vyoo hujaviona."

"Nimevinusa."

"Viko upande wa pili wa jengo!"

"Basi ndiyo ujue vinanuka kiasi gani. Washa gari."

Fundi akawasha gari. Alimjua mkewe. Aliendesha taratibu njia nzima, na bado breki zilikanyagwa mara kadhaa bila baiskeli wala mtu.

Alasiri ile Mama Klachi alikuwa kwenye ua wa nyuma, anaanika nguo kwa hasira, akiyapiga mashuka kama yamemkosea. Bibi akatoka na kiti chake, akakiweka kivulini, akakaa. Halafu akasema, kwa Kiswahili, "Vyoo safi. Mimi naingia. Safi kabisa."

Kibanio kikamdondoka Mama Klachi. Hakuwahi kumsikia Bibi akiunga maneno zaidi ya mawili. "Mama, kumbe unajua?"

"Sikia, najua. Televisheni kila siku. Kusema, ulimi zito." Akaugonga mdomo wake kwa kidole. "Wewe, vyoo hapana. Wewe ogopa."

"Mimi siogopi kitu."

"Ogopa. Hata mimi." Bibi akavuta pumzi kama anayejiandaa kubeba mzigo. "Ile shule kubwa, baridi. Kiingereza, Kiingereza. Mtoto anarudi nyumbani, Kiingereza. Mimi nakaa pale." Akaonyesha dirisha la sebule, penye kiti chake cha kila siku. "Kama friji. Watu wanafungua, wanafunga, maji baridi, kwaheri. Nani anaongea na friji?"

Mama Klachi alicheka, akashangaa kwamba machozi yamemtoka humo humo. Akachukua ndoo, akaipindua, akaikalia mbele ya mama mkwe wake. Na kwa kuwa alikuwa ameanza, akasema lile ambalo alikuwa hajamwambia mtu, hata nafsi yake. Kwamba kila Redio anapojifunza neno jipya la Kiarabu yeye anafurahi mdomoni, lakini moyoni anaona mtoto anasogea hatua kwenda upande wa pili wa meza, wanakocheka wao. Kwamba alidhani Kiingereza kitakuwa cha wote, au pengine kisiwe cha yeyote, na hivyo asishindwe mtu.

"Nyinyi mkicheka," alisema, "mimi nakuwa dereva wenu tu."

Bibi alisikiliza yote. Haijulikani alielewa kiasi gani, lakini la mwisho alilielewa, kwa maana alimshika mkono uliolowa.

"Leo, pale," akasema. "Mwalimu anauliza Redio, mama yako kazi gani? Redio anasema..." Akatafuta maneno, akakunja uso, akayapata. "Mama yangu anapigia kelele watu wakubwa. Na wao wanamlipa."

Mama Klachi akamtazama. "Ndiyo hiyo? Ndiyo hiyo isiyotafsirika?"

"Mwanangu anakuogopa," Bibi akasema.

Jirani aliyekuwa upande wa pili wa ukuta alisimulia baadaye kwamba alisikia wanawake wawili wakicheka mpaka akadhani wanapigana. Fundi alitoka mbio kuja kutazama, akawakuta mmoja yuko kwenye ndoo, mwingine kwenye kiti, na shuka liko chini kwenye vumbi.

"Mnacheka nini?" akauliza.

"Kuna joto," mkewe akamjibu.

Kesho yake, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, Mama Klachi alirudi shuleni. Kusema kweli alirudi na mwanafunzi, karani mmoja mwoga aliyetetemeka hata akiwa amesimama, na karani huyo ndiye aliyeliegesha gari juu ya boksi zima la karatasi za wachapaji. Mama Klachi alimwacha aokote, akaingia ndani kumtafuta mwalimu wa penseli.

"Mzazi asiyejua Kiarabu," alimwuliza, "atamsaidiaje mtoto kazi za nyumbani?"

"Wengi hawasaidii," mwalimu akasema. "Wanamwachia baba. Ila kuna darasa la Jumamosi la watoto wanaoanza kusoma. Mzazi akitaka anaweza kukaa nyuma."

Mama Klachi akatazama vile viti vidogo, kisha akajitazama mwili wake. "Hivi viti vina dhamana?"

"Tutakutafutia cha ofisini."

Akawaandikisha wawili, yeye na binti yake. Ili awamu za ada zisiwakabe, akaanza kuchukua wanafunzi wa alfajiri, watu wanaopenda kujifunza kabla barabara hazijaamka. Fundi naye akawa anarekebisha friji hata siku zake za kupumzika. Bibi akajitwika kazi ya kumpeleka Redio shuleni na kumrudisha, na haikupita wiki akawa anawajua wapishi, mlinzi na nusu ya wazazi, na wachapaji wakawa wanamtengea karatasi zilizo nzuri. Kiti cha dirishani kilikaa kitupu mpaka paka wa jirani akakimiliki.

Jumamosi ya kwanza Mama Klachi alikwenda amevaa nguo zake nzuri. Alikaa nyuma kwenye kiti cha ofisini, watoto wa miaka sita mbele yake wamegeuka wote wanamtazama. Akafungua kitabu. Mtoto wa jirani yake akakichukua taratibu mikononi mwake, akakigeuza, akamrudishia, maana kitabu cha Kiarabu huanzia kulia, na yeye alikuwa amekifungua kwa mwisho. Zilipofika zamu za kusoma, mwalimu aliandika ubaoni neno la herufi tatu tu. Mama Klachi aliliangalia kutoka kulia, akaliangalia kutoka kushoto, likawa ni lile lile. B, a, b. Akapata ujasiri.

"Baba!" akasema kwa sauti ya barabarani.

Darasa likalipuka. Redio akajifunika uso kwa kitabu.

"Karibu kabisa," mwalimu akasema, anajikaza. "Lakini hiyo ni bab. Mlango."

Siku ile alipofika nyumbani alimsalimia mumewe kwa kumwita mlango, na hadi leo bwana huyo akichelewa kurudi kutoka kazini humpigia simu na kumwuliza mlango uko wapi, mbona haufungwi.

Redio sasa yuko darasa la tatu. Anasoma Kiarabu, anasoma Kiingereza, na huwasomea watu wote nyumbani ujumbe wa shangazi zake, pamoja na sehemu ambazo shangazi hawakuziandika, hasa zile zinazosema mtoto anunuliwe baiskeli. Mama yake bado yuko kwenye lile darasa la Jumamosi. Kila mwaka wenzake wanafaulu na kupanda, yeye anabaki na kupokea kundi jipya, kwa sababu wanafunzi wa alfajiri humfanya asinzie kwenye somo la imla. Anaweza kusoma mabango ya maduka, maneno ya kwenye chupa za dawa, na sentensi fupi zisizo na hila. Mwalimu amemwambia kwamba akifanya mazoezi, mwaka huu huenda akapanda. Watoto wa kundi la sasa wamekaa kikao wakati wa mapumziko, wakakubaliana kwamba watamsaidia, mradi asiwapigie kelele.